Uchungu wa Saga Una Dawa Yake: Mwongozo wa Kupika Chakula cha Jadi, Sigalagala

Ukishuka Sigalagala, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, unakuta soko na chuo vikiishi pamoja. Chuo ni Sigalagala National Polytechnic, na kinaleta vijana wengi ambao kwa mara ya kwanza maishani wanapanga chumba na kujipikia. Soko nalo, hasa mvua za masika zikishakolea, linajaa mafungu ya mboga za kienyeji: saga, mrenda, kunde, managu, mitoo, terere, na yale majani ya malenge ambayo huku huitwa seveve. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye sufuria mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6 na fungu la saga ulilonunua kwa sababu bei ilikuvutia. Najua litakalofuata usipoelekezwa. Utaikatakata kama sukuma wiki, utakaanga kitunguu na nyanya, utaitia saga humo dakika tano, kisha utakuta mboga ngumu na chungu, na utaamua kwamba chakula hiki ni cha waliozoea shida. Nakuomba usihukumu bado. Jadi ya jikoni kwa Waisukha na Waidakho, na kwa Waluhya wengine, ni mfululizo wa hatua, na karibu kila hatua inayoonekana kuwa ni mazoea tu ya wakongwe ina kazi inayoifanya ndani ya chungu. Ukiijua kazi hiyo, utajua hatua gani unaweza kuifupisha na gani usithubutu kuigusa. Watu wengi hufanya kinyume: wanaruka ile isiyorukika na kung'ang'ania ile ambayo wangeweza kuiacha.

Tuanze na musherekha, kwa kuwa ndiyo hatua ya kwanza kusahauliwa na ndiyo yenye maelezo mengi. Musherekha ni munyu wa majivu. Unachukua maganda na mabua makavu ya maharagwe, au maganda ya ndizi, au magunzi ya mahindi, unayachoma mahali safi mpaka yawe majivu mepesi ya kijivu. Majivu hayo unayatia katika chombo kilichotobolewa matundu madogo chini, ukiwa umetandika nyasi safi ili yasipite, kisha unamimina maji polepole juu yake na kukinga chini maji yanayodondoka. Yanatoka na rangi ya chai nyepesi, na ukiyagusa kwa vidole yanateleza kama maji ya sabuni. Utelezi huo ndio unaokuonyesha yamekuwa. Kilichomo ndani yake hasa ni kaboneti ya potasiamu, chumvi ya alkali, ndugu wa karibu wa magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi. Alkali hulegeza kuta za nyuzi za mmea, ndiyo maana jani gumu la kunde linalainika mapema, na huilinda rangi ya kijani isigeuke kuwa ya matope. Kwa sufuria ya lita mbili, kijiko kimoja cha chakula kinatosha kuanzia, na viwili ni vingi kwa majani laini. Ukizidisha, mboga itakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna maziwa yatakayoiokoa. Usichome mbao zilizopakwa rangi, wala plastiki, wala takataka za uani, kwa maana kila kilichokuwa katika ule moto kinaweza kuingia katika maji yako. Na usihifadhi musherekha katika sufuria ya alumini, kwa sababu alkali huila alumini. Wazee walitumia chungu cha udongo. Wewe tumia chupa ya glasi kuhifadhia, na kama sufuria yako ni ya alumini, mimina munyu mboga ikiwa tayari inachemka na usiilaze humo usiku kucha.

Hapa atasimama mtu aliyesoma lishe na kusema kwamba alkali huharibu vitamini, na atakuwa sahihi. Vitamini C na vitamini B1 hazistahimili alkali, na moto wa muda mrefu unazidi kuzipunguza. Siwezi kulikana hilo ili kuutetea utamaduni. Lakini tazama vizuri hoja hiyo inatufikisha wapi. Haisemi acha musherekha. Inasema weka kidogo, na upike kwa muda unaohitajika bila kupitiliza. Jani gumu lisilolainika haliliwi, na chakula kilichobaki kwenye sahani hakimlishi mtu. Madini yaliyomo katika mboga hizi, kama chuma na kalisi, hayateketei kwa moto wala kwa alkali. Hupotea tu ukimwaga maji yaliyochemshia. Kwa hiyo fidia ya vitamini C itafute nje ya chungu. Kakamega ina mapera mengi msimu ukifika, na pera moja baada ya mlo lina vitamini C ya kutosha kurudisha kilichopotea, tena vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza chuma cha mboga. Chai ya rangi unywayo mara tu baada ya kula hufanya kinyume chake: inazuia chuma hicho hicho. Iahirishe saa moja hivi. Hilo ni badiliko dogo lenye faida kuliko kutupa munyu.

Sasa tuipike saga. Chambua majani na ncha laini, mashina yatupe. Osha kabla ya kukata vipande vidogo, maana jani likishakatwa maji huondoka na sehemu ya wema wake. Chemsha maji kiasi, tia musherekha, kisha tia saga na uigeuze ili yote iguswe na maji. Iache ichemke bila kifuniko dakika kumi na tano hadi ishirini. Uchungu wa saga unatokana na kemikali za jamii ile ile inayoipa haradali ukali wake, pamoja na tanini, na zote mbili huyeyuka katika maji. Kwa hiyo kama saga ni ya kiangazi, imekomaa na kuanza kutoa maua, uchungu utakuwa mwingi, na hapo una ruhusa ya kumwaga maji ya kwanza. Kama ni changa ya masika, usimwage chochote. Yaache maji yapungue yenyewe. Ndipo uingie ule uamuzi ambao wengi wanaudhani ni anasa: maziwa. Protini ya maziwa hushikana na tanini, na tanini iliyoshikwa haiufikii ulimi kwa ukali ule. Kikombe kimoja cha maziwa kwa mafungu mawili ya saga, moto mdogo, mpaka maziwa yanywewe na ibaki rojo nzito. Hakuna maziwa? Njugu iliyosagwa au simsim hufanya kazi inayokaribiana, na ladha yake ni nzito zaidi. Kuchanganya saga na managu au terere pia hupunguza uchungu, kwa sababu tu unautawanya. Managu yenyewe yana sharti moja: matunda mabichi ya kijani usiyatie, kwa kuwa yanabeba sumu ya jamii ya ile iliyomo katika kiazi kilichogeuka kijani.

Mrenda unataka mkono mwingine kabisa. Mlenda wake, ule utelezi unaowatisha wageni, ni wanga wa aina yake uliomo ndani ya jani, na alkali huufungua zaidi. Maana yake ni kwamba musherekha katika mrenda una kazi mbili, na tone likizidi unaona mara moja. Maji yawe machache, yachemke kwanza, munyu utangulie, halafu majani. Usifunike: povu litapanda na kuzima moto wako. Dakika kumi zinatosha. Mrenda peke yake ni laini mno kwa wengi, na hapa ndipo busara ya kuchanganya inapoonekana. Kunde huupa mwili. Seveve huupa utamu. Mitoo huupa uchungu kidogo unaouzuia usichoshe. Kwa mitoo, jifunze kuchagua sokoni. Ipo yenye majani ya kijani kinachoelekea samawati, hiyo ni michungu sana, na ipo yenye majani ya kijani angavu, ambayo ni mipole. Mwulize mama anayeuza, atakuambia bila kusita, na kama unaanza, anza na mipole. Anayetumia kunde zilizokomaa azitie sufuriani mapema, robo saa kabla ya mrenda, la sivyo atatafuna kamba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujitese na mimea inayohitaji kutolewa uchungu, kulainishwa, kuchaguliwa kwa rangi ya jani, wakati sukuma wiki haina masharti. Jibu langu nalitafuta mbali kidogo, Jamaika. Chakula cha taifa cha kisiwa hicho ni akee na samaki wa chumvi. Akee ni tunda la mti uliotoka Afrika Magharibi, ukafika Jamaika katika karne ya 18, enzi za biashara ya watumwa. Tunda hilo likiwa bichi lina sumu iitwayo hipoglisini, yenye uwezo wa kuua. Kanuni ya Wajamaika ni kwamba halichumwi mpaka lifunguke lenyewe mtini. Kisha mbegu nyeusi na utando mwekundu hutolewa, na nyama yake ya manjano huchemshwa na maji yake kumwagwa kabla ya kukaangwa na samaki, vitunguu na pilipili. Marekani ilizuia tunda hilo kuingia nchini mwake mwaka 1973, na haikuruhusu la makopo hadi mwaka 2000, tena kutoka viwanda vilivyothibitishwa kufuata kanuni. Wajamaika hawakuliacha kwa muda wote huo. Waliobebwa kwa nguvu kuvuka bahari, wakiwa hawana chochote, walibaki na maarifa ya namna ya kuishi na mmea mgumu, na maarifa hayo ndiyo leo yanayoitwa mapishi ya taifa. Jirani ya sahani hiyo kuna kalalu, na kalalu ya Jamaika ni jamii ya mchicha, terere yetu hii, inayopikwa kwa mvuke pamoja na kitunguu, saumu na pilipili. Ukiwa na terere changa, jaribu hivyo bila musherekha hata kidogo, maana jani la terere ni laini na halihitaji kulegezwa. Hiyo ni hatua mojawapo ninayokuruhusu kuiruka.

Hatua isiyorukika iko katika unga wa muhogo. Ugali wa jadi wa sehemu hizi, obusuma, haukuwa mweupe wa mahindi peke yake kama ulivyo leo mezani. Mahindi yalitamalaki katika karne ya 20. Kabla yake nguzo zilikuwa wimbi na mtama. Unga wa wimbi una kalisi inayokaribia miligramu 340 katika gramu 100, wakati mahindi hayafiki hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Shida ya wimbi ni kwamba haushikani vizuri, na ndiyo sababu unachanganywa na unga wa muhogo, ambao wanga wake hunata. Vikombe viwili vya wimbi kwa kimoja cha muhogo ni kipimo kizuri cha kuanzia. Anza kwa uji mwepesi, uuache uchemke, ndipo uongeze unga kidogo kidogo huku ukisonga, na mwishoni ufunike kwa moto mdogo dakika kama tano. Usingoje uwe mgumu kama wa mahindi. Ukipoa utakaza wenyewe. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na huondolewa kwa kumenywa, kulowekwa au kuvundikwa, kisha kukaushwa kabla ya kusagwa. Nunua unga kwa mtu anayeweza kukueleza muhogo wake uliandaliwa vipi. Wajamaika wana mkate bapa wa muhogo uitwao bami, waliourithi kwa Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wazungu. Muhogo hukunwa, ukakamuliwa maji yake yote, ndipo uokwe. Mmea huo ulitoka Amerika Kusini na kuletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16. Watu wa pande mbili za bahari, kwa mmea ule ule, walifikia kanuni ile ile: maji ndiyo yanayoitoa sumu. Kwa mtu anayesema taratibu hizi ni ushirikina wa jikoni, sioni ushahidi bora zaidi wa kumjibu.

Maharagwe yana habari yake. Sigalagala iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,500, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo ndogo hurefusha sana muda wa maharagwe, na inaeleza kwa nini mtu aliyezoea kuyapika Mombasa hushangaa akifika huku. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu tangu mwanzo, na uongeze kijiko cha musherekha yakianza kupasuka. Usiyaivishe nusunusu kwa moto mdogo ili kuokoa gesi. Maharagwe mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Yakiiva, tia viazi vitamu vilivyomenywa, maji yawe machache, na viazi vikilainika uponde vyote kwa mwiko hadi vishikane. Hiyo ni mushenye. Haihitaji mafuta wala kiungo, na kwa mwanafunzi aliyebakiwa na pesa kidogo mwishoni mwa mwezi sijui chakula kinachoshibisha kuliko hicho.

Kuku, ingokho, ndiye anayetangazwa zaidi kila Waluhya wanapotajwa, na ndiye anayeharibiwa zaidi na haraka. Jogoo wa kienyeji ametembea. Misuli yake imejaa nyuzi za kolajeni, na kolajeni hugeuka ute laini kwa joto la polepole la muda mrefu tu. Baada ya kumnyonyoa, mpitishe juu ya moto wa kuni ili vinyweleo vilivyobaki viungue na ngozi ipate harufu ya moshi. Mkate vipande, mtie sufuriani na chumvi bila maji kwanza, atoe mafuta na maji yake mwenyewe, kisha ongeza maji na uache moto mdogo ufanye kazi saa moja na nusu hadi mbili. Mchuzi ndio utakaokuambia amekuwa: unapata uzito na macho madogo ya mafuta ya manjano. Kitunguu kimoja kinatosha. Firigisi, imondo, ina mwenyewe. Kwa desturi humwendea mwenye nyumba au mgeni wa heshima, kwa hiyo ukialikwa usijipakulie. Kama uliyenunua ni wa broila, aliyechinjwa akiwa na wiki sita hivi, usimpike hivi. Nyama yake itameguka kabla mchuzi haujapata ladha. Kwake yeye dakika arubaini ni nyingi, na usimlaumu mpishi wa zamani kwa kuku ambaye hakumjua.

Uyoga wa porini na kumbikumbi nitavitaja kwa ufupi. Kumbikumbi wakitoka na mvua, toa mabawa, kaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, basi. Uyoga usiuokote mwenyewe. Nunua kwa mtu anayeujua kwa jina na kwa mahali unapoota.

Linabaki pingamizi la muda na gesi, ambalo ndilo zito kwa mtu anayepika baada ya masomo. Mtungi wa kilo 6 hauvumilii kuku wa saa mbili kila siku. Nakubali, lakini jadi yenyewe haikupika hivyo. Kuku alikuwa wa siku moja moja. Mboga ndiyo ya kila siku, na saga hasa imeundwa kwa ajili ya mtu asiye na muda, kwa sababu haipikwi kila siku: inapikwa mara moja na kuliwa siku tatu, kila siku ikipashwa na kuongezwa maziwa kidogo. Hesabu kwa uaminifu: dakika arubaini za moto kwa milo mitatu ni pungufu kuliko sukuma wiki unayoikaanga upya kila jioni kwa mafuta, kitunguu na nyanya za kununua. Na kwa anayesema hiki ni chakula cha wazee kinachoelekea kufa, mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya jadi katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma yao inahesabiwa kuwa hatarini. Chakula cha jadi cha nchi kinatajwa kuwa mfano wa kuigwa. Sokoni Sigalagala utaona sababu: chakula kinanunuliwa kila siku, na kila anayekinunua ni mlinzi wake.

Basi Ijumaa jioni nunua mafungu matatu ya saga na moja la managu, na uombe maziwa nusu lita. Pika yote kwa utaratibu uliosoma hapo juu. Siku ya kwanza utaona uchungu bado unasikika nyuma ya maziwa. Usiongeze sukari wala kiungo cha pakiti. Hamishia mboga kwenye chombo cha udongo au cha stili isiyoshika kutu, funika, weka mahali penye ubaridi. Jumamosi ichemshe tena yote mpaka itoe mapovu, hata kama utakula nusu tu, na umimine maziwa robo kikombe. Jumapili fanya hivyo hivyo, kisha songa ugali wa wimbi uwe mdogo, kwa kuwa mboga ya siku ya tatu ni nzito na ndiyo utakayoitaka zaidi.